Walitupitia Wapi? Korea Kusini na Mtihani wa Ng'ambo

"Hivi hawa Wakorea si tulikuwa nao sawa wakati tunapata uhuru? Walitupitia wapi?"

Swali hili nimelisikia kijiweni, nimelisikia darasani, na nimelisikia msibani, wanaume wakiwa wamekaa chini ya turubai wakisubiri muda wa maziko. Siku hizi halihitaji hata kuchokozwa. Abiria anapanda treni ya mchongoko Dar es Salaam, na treni hiyo imeundwa na Hyundai Rotem ya Korea Kusini. Mkononi ana simu ya Samsung. Akifika nyumbani Dodoma anafungua friji ya LG kunywa maji. Nchi yenye makampuni yote hayo haikuwa na tanuri lake kubwa la kuyeyushia chuma mpaka mwaka 1973, wakati ambapo Tanzania ilikuwa na karibu miaka kumi na miwili ya uhuru.

Tuanze kwa kuliweka swali sawa. Kipimo kinachotumiwa sana ni pato la wastani la mtu mmoja. Unachukua thamani ya kila kilichozalishwa nchini kwa mwaka, mahindi, nguo, nyumba, kazi za vinyozi na za madaktari, kisha unaigawa kwa idadi ya watu. Kwa hesabu za Benki ya Dunia, mwaka 1960 Mkorea alikuwa na wastani wa karibu dola 160 kwa mwaka, Mghana karibu dola 180 na Mkenya karibu dola 100. Kwa hiyo usemi kwamba Korea ilikuwa maskini kuliko Kenya si sahihi, ila walikuwa mtaa mmoja. Leo wastani wa Mkorea umepita dola 30,000, na wa Mkenya ni kama dola 2,000.

Majibu ya kijiweni ni matatu. Wa kwanza husema ni nidhamu, Wakorea wameumbwa kufanya kazi. Wa pili husema ni fedha za Wamarekani. Wa tatu, ambaye huongea kwa sauti kubwa zaidi, husema walipata rais dikteta aliyewanyoosha. Katika kila jibu kuna chembe ya ukweli. Lakini chembe hizo ukizikusanya zote bado hazijazi kikombe, kwa sababu nchi nyingi zilipata misaada, nyingi zilipata madikteta, na watu wanaoamka alfajiri kwenda kutafuta riziki wamejaa dunia nzima. Katika sura hii natetea jibu la nne: serikali ya Korea iliwapa wenye viwanda upendeleo mkubwa, ila upendeleo ule ulikuwa na mtihani, na mtahini alikaa ng'ambo, mahali ambapo hakuna mtu wa kumpelekea bahasha.

Nchi iliyokatwa kati

Japani iliitawala Korea kuanzia 1910 hadi 1945. Wajapani walipoondoka, nchi iligawanywa: Wasovieti kaskazini, Wamarekani kusini. Mgao huo uliiumiza Kusini kiuchumi, kwa kuwa viwanda vizito, migodi mingi na mabwawa ya umeme yaliyojengwa na mkoloni vilibaki Kaskazini, na Kusini ikabaki na mashamba ya mpunga na watu wengi. Mei 1948 Kaskazini ikakata umeme uliokuwa ukipelekwa Kusini.

Kisha vita. Vilianza Juni 25, 1950, vikasimama Julai 27, 1953, na mkataba wa amani haujasainiwa hadi leo. Mji wa Seoul ulibadilisha mikono mara nne. Waliokimbia kutoka Kaskazini walijijengea vibanda vya mbao na makaratasi kwenye vilima vya Busan. Kwa miaka iliyofuata serikali iliendeshwa kwa misaada ya Marekani: unga wa ngano, pamba, sukari ghafi, mbolea.

Vijijini walikuwa na jina la msimu wa njaa. Mchele wa mavuno yaliyopita umekwisha, shayiri haijakomaa, na familia inahesabu siku. Msimu huo waliuita boritgogae, yaani "mlima wa shayiri", kwa sababu kuuvuka kulikuwa kama kupanda mlima ukiwa na njaa. Mkulima wa Dodoma au wa Kitui anayeijua miezi ya kabla ya mavuno hahitaji kutafsiriwa zaidi.

Shamba kwanza, halafu daftari

Watu wengi huanza hadithi ya Korea na mapinduzi ya kijeshi ya 1961. Hapo wanaruka hatua mbili, na bila hatua hizo mengine yote yasingesimama.

Ya kwanza ni ardhi. Chini ya mkoloni, wakulima wengi walikuwa wapangaji katika mashamba ya watu wengine, na nusu ya mavuno au zaidi iliishia kwa mwenye shamba. Baada ya 1945 mashamba yaliyokuwa ya Wajapani yaliuzwa kwa waliokuwa wakiyalima. Sheria ya 1949, iliyoanza kutekelezwa 1950, ikaendelea: hakuna familia kumiliki zaidi ya hekta tatu za shamba, na ziada igawiwe. Aliyepewa alilipa mara moja na nusu ya mavuno ya mwaka mmoja, kwa awamu za miaka mitano. Waliokuwa wamiliki wakubwa walipewa hati za serikali za kulipwa baadaye, na vita vilipopandisha bei za kila kitu, hati zile zikageuka makaratasi.

Matokeo yake yalikuwa mawili. Mkulima sasa alivuna chake, hivyo alikuwa na kitu cha kuuza na sababu ya kumpeleka mtoto shule. Na tabaka la mabwana wa ardhi, ambalo katika nchi nyingi hukaa bungeni na kuzuia kila mabadiliko yanayogusa mifuko yao, lilikwisha. Serikali yoyote iliyokuja baadaye ilikuta uwanja mweupe.

Hatua ya pili ni shule. Mwaka 1945 watu wazima wanaojua kusoma na kuandika walikuwa kama mmoja kati ya watano. Elimu ya msingi ya lazima ilianza kutekelezwa 1950, mwaka ule ule vita vilipoanza, na wakati wa vita watoto walifundishwa kwenye mahema. Madarasa yalibeba wanafunzi themanini na zaidi, wengine wakisoma kwa zamu ya asubuhi na mchana. Hayakuwa madarasa mazuri, ila yalijaa. Kufikia katikati ya miaka ya 1960 walio wengi walikuwa wanasoma, na msichana wa miaka kumi na sita aliyeshuka kwenye treni Seoul kutafuta kazi ya kiwandani aliweza kusoma maelekezo kwenye mashine.

Gharama waliibeba wazazi. Wakorea wana neno linalonigusa kila ninapolikumbuka. Vyuo vikuu duniani huitwa kwa mafumbo "mnara wa pembe za ndovu", kuonyesha wasomi wamejitenga na maisha ya kawaida. Wakorea wakabadilisha, wakaita ugoltap, "mnara wa mifupa ya ng'ombe", kwa kuwa kila tofali la chuo lilikuwa ng'ombe wa mkulima aliyeuzwa kulipa ada. Zizi tupu na kijana aliyeko chuoni: picha hiyo inajulikana Tarime, inajulikana Kericho.

Kwa kifupi: kabla ya mbio za viwanda vikubwa kuanza, Korea ilikuwa tayari na wakulima wenye mashamba yao, vijana wanaosoma, na hakuna kundi la matajiri wa ardhi wa kuzuia mambo.

Nywele za mama

Mei 16, 1961, Jenerali Park Chung-hee alitwaa madaraka kwa bunduki. Wafanyabiashara wakubwa walikamatwa kwa madai ya kujitajirisha isivyo halali. Lee Byung-chul, mwanzilishi wa Samsung (kampuni iliyoanza 1938 ikiuza samaki wakavu na tambi), alikuwa Japani. Aliporudi yakafanyika makubaliano: wafanyabiashara hawatafungwa, bali watajenga viwanda ambavyo serikali inavitaka. Mabenki yakawekwa mikononi mwa serikali. Kuanzia hapo kila mwenye kiwanda aliyetaka mkopo mkubwa alijua mlango ni mmoja.

Lakini wauze nini? Mwaka 1962 mauzo yote ya Korea nje ya nchi yalikuwa kama dola milioni 55: madini ya tungsteni, hariri ghafi, samaki, mwani wa kuliwa. Nchi haikuwa na mafuta, haikuwa na dhahabu ya kutosha, wala kahawa. Ilikuwa na mikono, na ilikuwa na nywele.

Nywele hasa. Wachuuzi walipita kijiji kwa kijiji wakinunua nywele za wanawake. Mama aliyefuga nywele tangu usichana alikaa kwenye kigoda, zikakatwa, naye akapata fedha ya chakula au ya ada. Nywele zikaenda viwandani Seoul, wasichana wakazishona uzi kwa uzi kuwa mawigi, na mawigi yakapakiwa kwenda Marekani, ambako fasheni ya wigi ilikuwa imepamba moto. Katikati ya miaka ya 1960 Marekani ilipiga marufuku mawigi yenye nywele kutoka China ya kikomunisti, na Wakorea wakaziba pengo hilo haraka. Kufikia 1970 wigi lilikuwa miongoni mwa bidhaa kubwa kabisa za Korea kuuzwa nje, pamoja na nguo na mbao za plaiwudi.

Novemba 30, 1964, mauzo ya nje yalifikia dola milioni 100 kwa mwaka, na serikali ikaifanya tarehe hiyo kuwa Siku ya Mauzo ya Nje. Mwaka 1977 yalifika dola bilioni 10. Mara mia moja katika miaka kumi na mitatu.

Ruzuku yenye mtihani

Hapa ndipo kiini kilipo, nami naomba msomaji tutembee polepole.

Nchi changa ikitaka kiwanda, kwa kawaida hukilinda. Huweka ushuru wa forodha, yaani kodi kwenye bidhaa zinazoingia kutoka nje, ili kiatu cha nje kiwe ghali na cha ndani kinunuliwe. Wazo hilo linaitwa kulinda viwanda vichanga, na lina mantiki: mtoto anayejifunza kutembea humshindanishi mbio na mtu mzima. Tatizo ni kwamba mtoto asiposhindanishwa kamwe, hana sababu ya kukimbia. Mwenye kiwanda aliyelindwa anauza kiatu kibovu kwa bei ya juu, mnunuzi hana pengine pa kwenda, na kila mwaka anarudi wizarani kuomba ulinzi uongezwe.

Korea ililinda viwanda vyake, tena kwa ukali. Kwa miaka mingi kuvuta sigara ya kigeni hadharani lilikuwa kosa. Ila serikali iliweka sharti: tutakulinda nyumbani ukiuza nje. Mnunuzi wa Chicago hajui wewe ni nani, hajui baba yako ni nani, wala hajali nchi yako ina shida gani. Shati likichanika kwapani analirudisha. Meli ikichelewa anatafuta muuzaji mwingine. Mnunuzi huyo ndiye mtahini, na serikali ya Korea ilichofanya ni kusoma matokeo yake na kugawa zawadi.

Mwenye kiwanda aliyeuza nje alipata:

- mkopo kwa riba ya karibu asilimia 6, katika miaka ambayo mkopaji wa kawaida benki alitozwa zaidi ya asilimia 20;
- msamaha wa ushuru kwenye malighafi na mashine alizoagiza;
- nafuu ya bei ya umeme na nauli ya reli;
- ruhusa ya kuagiza malighafi zaidi ya mahitaji kidogo, na ziada akaiuza nyumbani kwa faida nzuri.

Jambo la mwisho linaonekana dogo, lakini nyakati ambazo pamba ya nje ilikuwa adimu lilikuwa sawa na kupewa mfuko wa fedha.

Kulikuwa pia na suala la thamani ya sarafu. Mwaka 1964 dola moja ilipandishwa kutoka won 130 hadi won 255 hivi. Chukua fundi anayeuza shati kwa dola moja Marekani. Jana aliporudi nyumbani alipata won 130, leo anapata 255 kwa shati lile lile. Anayeagiza manukato kutoka Ufaransa, kwake mambo yaligeuka upande wa pili. Watawala wengi huogopa hatua hiyo kwa sababu wanaoagiza vitu vya nje ni watu wa mjini, wenye sauti, na mara nyingi ni jamaa zao.

Kila mwezi kulikuwa na mkutano wa mauzo ya nje, rais mwenyewe akiwa mwenyekiti. Mawaziri, mabenki na wenye viwanda walikaa chumba kimoja. Takwimu zilisomwa: sekta hii iliahidi kiasi hiki, imeuza kiasi hiki. Mfanyabiashara akisema mzigo wake umekwama bandarini wiki tatu, waziri anayehusika alikuwa meza hiyo hiyo, na mwezi ujao angeulizwa. Park aliendesha mikutano hiyo kwa miaka mingi.

Na aliyeshindwa? Mfano mzuri ni kiwanda cha magari cha Bupyeong, karibu na Incheon. Kilianza 1962 kikiitwa Saenara, kikiunga magari ya Kijapani kutoka vipande. Kampuni ikafa mapema. Kiwanda kikaenda kwa Shinjin, kipenzi kipya cha serikali. Shinjin nayo ikaanguka, na baada ya miaka mingine ya kuhangaika kikaishia mikononi mwa Daewoo. Wamiliki walikuja wakaondoka, mashine na mafundi wakabaki. Nadhani hili ndilo jambo gumu kuliko yote kuiga. Kumpa mtu upendeleo kila serikali inajua. Kumnyang'anya mkubwa upendeleo aliokwishauzoea, hapo ndipo nchi nyingi zimeshindwa.

Hata vijijini mtihani ulifika. Mwaka 1970 serikali ilikuwa na ziada ya saruji. Vijiji zaidi ya 33,000 vikapewa kila kimoja mifuko 335, kwa sharti kwamba itumike kwa kazi ya wote: barabara, kisima, daraja. Baadaye wakaguzi wakapita. Vijiji kama 16,600 vilionekana vimefanya kitu cha maana, na hivyo ndivyo vilivyopewa awamu ya pili, mifuko 500 na tani moja ya nondo. Vingine havikupata kitu. Huo ndio mwanzo wa harakati ya Saemaul, "kijiji kipya", ambayo baadaye Wakorea waliileta katika vijiji vya Rwanda na Tanzania.

Sasa linganisha na kiwanda cha viatu cha Morogoro. Kilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kikapangiwa kutengeneza jozi milioni nne kwa mwaka, nyingi zikauzwe Ulaya. Karatasini kilikuwa na shabaha ya nje, kama ya Wakorea. Lakini Korea ilianza na wasichana wanaoshona mawigi kwa mkono, ikajifunza kwa bidhaa ndogo namna ya kufikisha mzigo kwa tarehe, kisha ikakua. Morogoro kilianza kikubwa, ngozi nzuri na vipuri vikawa shida, na Ulaya haikununua. Hakikuwahi kukaribia hata asilimia 10 ya uwezo wake. Wafanyakazi wake hawakuwa wavivu. Walipewa mtihani wa kidato cha sita kabla ya kufundishwa darasa la kwanza, na miaka ikapita bila mtu kuwajibishwa kwa matokeo.

Kwa kifupi: ulinzi wa viwanda peke yake huzaa uvivu, na soko huria peke yake huua mtoto angali mchanga. Korea ilichanganya ulinzi na mtihani, na ilikuwa tayari kumfelisha mtu.

Chuma cha Pohang, meli ya Ulsan

Mwishoni mwa miaka ya 1960 Park alitaka chuma. Wataalamu wa kigeni walimwambia hapana: nchi haina madini ya chuma ya kutosha, haina makaa ya mawe yanayofaa, haina wataalamu, na soko lake ni dogo. Benki ya Dunia ilitoa tathmini mbaya, na kundi la makampuni ya Magharibi lililotarajiwa kutoa fedha likajitoa mwaka 1969.

Fedha zilipatikana mahali penye uchungu. Mwaka 1965 Korea ilikuwa imerejesha uhusiano na Japani, na katika makubaliano hayo ilipata dola milioni 300 bila kurudisha na milioni 200 za mkopo nafuu. Wananchi waliandamana, wakisema damu ya wazee wao imeuzwa rahisi. Sehemu ya fedha hizo ikapelekwa Pohang, kwenye pwani ya mchanga. Meneja, Park Tae-joon, aliwaambia wafanyakazi kwamba wanajenga kwa fedha za damu ya mababu, na wakishindwa wote wageuke kulia watembee mpaka wazame kwenye ghuba ya Yeongil. Chuma cha kwanza kilimiminika Juni 1973. Miaka minne baadaye, alipogundua zege la msingi wa jengo jipya ni bovu, aliamuru lote lilipuliwe kwa baruti ingawa kazi ilikuwa imefika mbali, na wakandarasi wakiangalia.

Ulsan ni hadithi ya Chung Ju-yung, mtoto wa mkulima aliyezaliwa 1915 katika eneo ambalo sasa ni Korea Kaskazini. Alitoroka kwao mara kadhaa, mara moja kwa nauli aliyoichukua kwenye fedha za ng'ombe wa baba yake. Alianzisha Hyundai kwa gereji na ujenzi. Mwaka 1971 alikwenda London kutafuta mkopo wa kujenga kiwanda cha kuunda meli, wakati akiwa na picha ya ufukwe mtupu tu. Alipoulizwa Wakorea wanajua nini kuhusu meli, alitoa noti ya won 500 yenye picha ya meli ya kobe, manowari waliyoitumia kuwashinda Wajapani katika karne ya 16. Kisha akamshawishi Mgiriki, George Livanos, kuagiza meli mbili kubwa za mafuta. Kazi ilianza 1972, chelezo na meli vikijengwa kwa wakati mmoja, na Juni 1974 vyote vilizinduliwa. Mwaka 1998, akiwa mzee wa zaidi ya miaka themanini, Chung alivuka mpaka wa Kaskazini na malori yaliyobeba ng'ombe, 500 mwezi Juni na 501 mwezi Oktoba. Alisema analipa deni la ng'ombe mmoja.

Makampuni kama hayo, ya familia moja yenye matawi katika kila biashara kuanzia saruji hadi bima, Wakorea huyaita chaebol. Yalijenga nchi, na baadaye yakawa mzigo: yalikopa bila kipimo, na madeni yao yalichangia sana kuiangusha nchi katika mgogoro wa fedha wa 1997.

Bahati nayo ilikuwepo

Vita baridi viliifanya Korea kuwa boma la mbele la Marekani, na rafiki wa mstari wa mbele hufunguliwa soko. Korea ilipeleka Vietnam wanajeshi zaidi ya 300,000 kwa jumla, na makampuni yake yakapata zabuni za barabara na bandari huko. Ujerumani Magharibi iliwachukua wachimba makaa kama 8,000 na wauguzi zaidi ya 10,000, waliotuma mishahara nyumbani. Na miaka ya 1960 wafanyabiashara wa Marekani walikuwa wakitafuta mahali pa kushonea nguo kwa bei nafuu, China ikiwa imejifungia. Leo mlango huo una foleni ndefu zaidi.

Lakini bahati kama hiyo wengine nao waliipata. Ufilipino ilikuwa rafiki wa Marekani mapema zaidi, ilikuwa na pato kubwa kuliko Korea mwaka 1960, na baadaye ikapata dikteta wake, Ferdinand Marcos. Hapa ndipo jibu la mzee wa sauti kubwa linapokwama. Park alikuwa na jeshi, na Marcos alikuwa na jeshi. Tofauti ilikuwa katika ardhi iliyogawiwa na isiyogawiwa, na katika marafiki wa rais waliolazimika kuuza nje na wale walioachiwa kukamua nyumbani.

Mkono uliolipa

Ninapofika hapa siwezi kuandika kwa utulivu, na sidhani kwamba inafaa.

Viwanda vya nguo vya Soko la Pyeonghwa, katikati ya Seoul, vilikuwa vyumba vilivyokatwa kwa sakafu ya mbao katikati ili viwe viwili, na dari ikawa chini kiasi kwamba mtu hawezi kusimama wima. Ndani yake wasichana, wengine wa miaka kumi na mitatu au kumi na minne, walikaa kwenye cherehani saa kumi na nne kwa siku, vumbi la nyuzi likiingia mapafuni. Kijana mmoja mkata nguo, Jeon Tae-il, alikuwa akitumia nauli yake ya basi kuwanunulia mikate, kisha anatembea kwa miguu hadi nyumbani. Siku moja akagundua kwamba nchi ina sheria ya kazi, ya tangu 1953, inayokataza karibu yote aliyokuwa akiyaona. Aliinunua akajaribu kuisoma. Iliandikwa kwa herufi nyingi za Kichina ambazo shule yake fupi haikumfundisha, akawa anatamani angekuwa na rafiki mmoja wa chuo kikuu. Aliandika barua, alipeleka malalamiko, hakusikilizwa. Novemba 13, 1970, akiwa na miaka 22, alijimwagia petroli mbele ya soko, akajichoma moto akidai sheria ifuatwe, kwa kuwa wao si mashine.

Watu wanaposifia nidhamu ya Wakorea, mimi huwafikiria wasichana wale. Mauzo ya dola milioni 100 yalishonwa na wao, na mishahara yao ilishikwa chini kwa polisi na kwa sheria. Vyama huru vya wafanyakazi vilivunjwa. Sehemu kubwa ya fedha walizobaki nazo waliituma kijijini kusomesha kaka zao.

Agosti 1979 kampuni ya mawigi ya YH, iliyowahi kuwa miongoni mwa kubwa kabisa katika biashara hiyo, ilifungwa. Wafanyakazi wanawake wapatao 190 wakaenda kuketi katika makao makuu ya chama cha upinzani. Usiku wa kuamkia Agosti 11 polisi wakavamia, na mfanyakazi mmoja, Kim Kyung-sook, akafa. Kiongozi wa upinzani, Kim Young-sam, alipopaza sauti alifukuzwa bungeni. Miji ya Busan na Masan ikalipuka kwa maandamano. Oktoba 26 Park alipigwa risasi na mkuu wa idara yake mwenyewe ya ujasusi. Biashara ya wigi ilikuwa miongoni mwa ngazi za kwanza za utawala wake, na wasichana wa wigi walikuwa miongoni mwa walioutikisa mwishoni.

Jenerali mwingine alishika nafasi, na Mei 1980 jeshi likaua raia wengi Gwangju. Uchaguzi huru wa rais ulirudi baada ya maandamano makubwa ya Juni 1987. Majira yale ya joto wafanyakazi viwandani nao walisimama, na katika miaka iliyofuata mishahara ikapanda haraka. Huko Ulsan walitoka maelfu kwa maelfu katika kiwanda cha meli cha Chung, wakiwa na sare zao za kazi. Kwa miaka mingi walinzi wa getini walikuwa wakiwakagua urefu wa nywele, na aliyezidisha alinyolewa pale pale. Kwenye orodha ya madai yao, pamoja na nyongeza ya mshahara na chama chao wenyewe, waliandika kwamba waachiwe nywele zao.